Kifaransa cha Mama Bijou

Yeoville, Jumanne usiku

Sahani yenyewe kubwa kama sinia, halafu katikati kipande cha samaki kisichozidi kidole gumba. Kwetu Tanga ukimwekea mgeni hivyo, atajua unamfukuza.

Idrisa alinipigia video mchana, niko saluni nasuka. Anahudumia meza kwenye hoteli ya kifahari huko Geneva, ziwa liko mlangoni kabisa. Akanizungushia simu nione sahani hiyo, mataa ya vioo, vitambaa vya meza vilivyonyooka, wageni wanakula kama wanaogopa kumwamsha mtu. Nikasema mashallah, mume wangu. Miaka yote hii nasubiri atuite, mimi na binti yetu Salma.

Mara akaja mwanamke wa kazini kwake, akamwekea mkono begani, akamuuliza kwa Kifaransa huyo ni nani.

"Binamu yangu," akamjibu kwa Kifaransa hichohicho. Wala hakuzima simu. Kisha akanirudia na Kiswahili chake kitamu: "Haya mke wangu, nisalimie Salma."

Mama Bijou, Mkongo mwenye saluni, aliacha kichwa cha mteja akanitazama. Eish. Mimi nikaendelea kusuka, maana ningefanya nini?

Idrisa hana habari. Kila tukikosa wateja, Mama Bijou ananifundisha Kifaransa. Ilikuwa siri yetu, ili siku nikishuka Geneva nimshangaze mume wangu.

Leo ndiyo mara ya kwanza nimeelewa sentensi nzima bila kutafsiriwa.