Mkanda Uliosubiri Saa Nane

Wifi yangu Dorotea,

Watoto wako kwangu Pasiansi, wanakula vizuri.

Leo asubuhi mkanda wa samaki kiwandani ulisimamishwa dakika tano uoshwe, kisha uwake wenyewe. Mumeo Elias akaona kompyuta inayouendesha imeandika saa nane. "Saa mbili hii, we mashine umelala!" Akaiwekea mbili. Wenzake wakacheka, hakuna aliyeniambia mimi fundi.

Mkanda haukuwaka. Tukadhani umekufa. Saa nane mchana mumeo akiwa ameingiza mkono kuufungua, ukawaka wenyewe, ukaunasa.

Nimeikagua programu ya kompyuta ile, inaitwa Linux. Haikuharibika, Wifi. Saa yake ilirudishwa nyuma kwa saa sita, ikasubiri nane yake ifike.

Elias yuko hospitalini, anaongea, anakuulizia. Acha mpunga, njoo. Pete yake ya ndoa ninayo mimi.

Wifi yako,
Selina