Upatu wa Ofu na Kambi ya Baba

Jumapili, 4 Januari

Shule zimefunguliwa. Dobi kwetu hotelini kumejaa mashuka ya wageni waliokuja kula mwaka mpya. Tumepiga pasi tangu alfajiri na bado kuna mlima. Nimerudi nyumbani Mansoura, hapa Doha, nyayo zinawaka.

Shule ya binti yetu Zuhura imetuma habari za majira ya baridi kwenye simu ya mama yake, Mwajuma. Ndefu kama hotuba ya Idi. Siku ya kurusha tiara. Majaribio ya kuogelea. Mashindano ya kuchora. Wazazi wanakaribishwa maktabani kuwasomea watoto hadithi. Walimu hawa hawachoki. Mwajuma akasoma mpaka chini kabisa: kambi ya baba na mtoto, jangwani, Alhamisi tarehe 29 mchana mpaka Ijumaa asubuhi. Mahema, moto, kutazama nyota. Mwisho wa kujiandikisha tarehe 22.

Zuhura akaacha kula. Mtoto huyu huongea hata usingizini. Leo kanitazama, kisha akatazama sahani yake ya wali.

Sijapenda.

Jumatatu, 5 Januari

Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Tangu wafike hapa mwaka jana sijaingia shuleni kwake hata mara moja. Kabla ya hapo nilikuwa baba wa kwenye simu, uso na kelele za mashine nyuma. Nikadhani wakija mambo yatabadilika. Wamekuja, na mambo yote ya shule yanaangukia Alhamisi, na wikendi ya huku, Alhamisi jioni na Ijumaa, ndipo hoteli inapofurika. Ofu yangu, siku ya mapumziko, ni Jumanne. Jumanne Doha nzima hakuna jambo.

Njia ni moja tu, upatu wetu. Wenzangu wa dobi hawana hela za kuchezea upatu, kwa hiyo tunacheza siku. Kila mwezi kila mmoja anatoa ofu yake moja na kufanya kazi badala ya mwenye zamu. Mwenye zamu anapata siku za kufululiza, wikendi ikiwemo, na meneja haulizi mradi mashine zinazunguka. Wekesa wa Kakamega anauita chama. Kato wa Masaka, Uganda, anauita ule mchezo wenu. Zamu yangu ni Aprili.

Januari ni ya Wekesa.

Jumatano, 7 Januari

Nimempima Wekesa. Ana mpango gani na siku zake? Kasema atalala. Siku zote hizo, kulala! Moyo umeruka.

Lakini mtu haombi hivi hivi. Kwetu Tanga kitu cha mwenzio unakizunguka kwanza. Unamwachia nafasi akupe mwenyewe, ili asije akasema hapana mkabaki mnatazamana kila asubuhi juu ya kikaushio. Nimemwambia Mwajuma akaange visheti.

Jumamosi, 10 Januari

Visheti vimefika. Wekesa kala nusu bakuli amesimama. Nikamwambia, watoto, ndugu yangu, hukua mara moja tu. Akasema kweli kabisa. Nikamwambia baridi hii ndiyo nzuri ya kukaa nje, jangwani kwa mfano. Akasema yeye baridi humtoa makamasi. Nikapumua, nikasema shule ya binti yangu ina mambo mengi mwezi huu. Akasema shule za siku hizi zinasumbua wazazi. Akauliza kama visheti vimebaki.

Mtu mzuri, Wekesa. Lakini ukimfumbia fumbo utangoja mpaka nywele ziote mvi.

Jumanne, 13 Januari

Ofu. Nimempeleka Zuhura shuleni Abu Hamour. Ukungu mzito asubuhi, magari yanatambaa taa zikiwaka. Amenishika mkono mpaka getini, kisha akauachia haraka wenzake wasione. Nimecheka peke yangu njia nzima. Ukungu ulipoinuka nimenunua chai ya karaki kwenye kibanda, nikainywa nimesimama juani kama tajiri.

Jioni Mwajuma kanivuta jikoni. Zuhura kamuuliza kama inawezekana kuazima baba. Rafiki yake Mariam, wa Misri, baba yake ana mwili mkubwa na sauti, na hema lao lina nafasi. Eti baba yule kakubali kuwa baba wa wawili kwa usiku mmoja.

Kuazima. Nimeumia mahali nisipopajua.

Mwajuma kaniuliza kama nimeshamwomba Wekesa. Nikamwambia naendelea. Kaniangalia kwa jicho lile.

Jumatano, 14 Januari

Nimepata akili. Mambo mazito hutumiwa mshenga. Nimemtuma Kato, maana yeye na Wekesa wanaishi chumba kimoja. Kato ndiye anayepandisha mashuka na taulo vyumbani. Anaimba mpaka ndani ya lifti na hana adui.

Nimemwambia kwa adabu: Kato, ndugu yangu, hebu kamsikilize Wekesa. Januari yake imekaa tu, yeye atalala. Huenda kuna mtu ingemfaa sana, kama angeulizwa vizuri. Nikamkonyeza. Kato akafurahi, akanishika mkono kwa mikono miwili. Nimerudi kazini mwepesi. Jambo limepata mwenyewe.

Ijumaa, 16 Januari

Kato kaja asubuhi anacheka mpaka jino la nyuma linaonekana. Kanikumbatia mbele ya mashine. Wekesa kampa Januari, wamebadilishana na Juni. Ananishukuru mimi kwa kumfungulia njia. Kwaya yake inaimba Ijumaa tarehe 30 asubuhi, kule makanisani Abu Hamour, kuna harusi ya mwenzao, na alikuwa haoni atapataje nafasi.

Alidhani nampa habari njema. Mtu ingemfaa! Alidhani ni yeye!

Nimetuma mshenga, mshenga kaoa.

Nikamwambia hongera. Nikatabasamu hata mashavu yakauma. Nikaenda stoo ya sabuni nikasimama humo kidogo.

Jumamosi, 17 Januari

Hasira. Kwa Kato, hapana, ana kosa gani. Kwa Wekesa, kidogo, kwa visheti vile. Kwa nafsi yangu, sana. Nimeunguza foronya mbili.

Nyumbani nimemsimulia Mwajuma. Nilitegemea pole. Kacheka mpaka kakaa sakafuni, kashika mbavu, machozi yanamtoka. Nikanuna. Aliponyamaza akasema neno moja tu: Mficha uchi hazai, Baba Zuhura.

Halafu akacheka tena.

Jumapili, 18 Januari

Zuhura kachora picha ya mashindano ya shule. Ngamia, moto, hema la rangi ya chungwa. Nje ya hema watu watatu: mmoja mrefu mwenye tumbo, wawili wafupi wenye mitandio ya shule. Sikuuliza yule mrefu ni nani. Tumbo lile si langu.

Kesho nasema. Nimeapa.

Jumatatu, 19 Januari

Nimesema.

Kantini, wakati wa chakula cha mchana, watu wamejaa, wali na dengu. Nilikuwa nimepanga kumvuta Kato pembeni, nikajua nikimvuta pembeni nitaanza tena kuzunguka. Kwa hiyo nikasimama na sinia langu mkononi. Nikasema kwa sauti: Kato, Wekesa, nataka Alhamisi ya tarehe 29 na Ijumaa yake. Shule ina kambi ya baba na mtoto. Binti yangu anataka kwenda na baba wa mwenzake kwa sababu mimi sipatikani. Naomba mnisaidie. Naomba.

Masikio yalikuwa ya moto. Sijawahi kuomba kitu hivyo tangu nizaliwe. Marehemu baba angenikana.

Wekesa akaweka kijiko chini. "Buda, si ungeniambia tu? Hizo siku nilikuwa nalala! Wiki nzima unanilisha visheti, nilidhani una birthday."

Kato kashika kichwa. "Ssebo, bwana Hamisi! Kumbe ule mtu ulikuwa wewe? Mimi nilisema Mungu amenitumia malaika wa dobi!"

Kantini nzima ikapasuka. Hata mpishi. Na mimi nikacheka, sinia linatetemeka, dengu zikamwagika kwenye kiatu.

Lakini mfupa ulikuwapo. Mimi na Kato tunataka Ijumaa ile ile asubuhi, na harusi haisogezwi. Sikutaka Kato akose. Nikamwambia hivyo hivyo waziwazi, maana nimeshaanza. Tukakaa kupiga hesabu ya watu. Mwisho Wekesa akasema sawa, Alhamisi atasimama mahali pangu, Ijumaa ataingia mapema ashike kazi yangu na ya Kato mpaka Kato atoke kanisani. Kato atarudi mchana na kumpumzisha. Siku zinazofuata ni za Kato kama walivyopatana. Aprili yangu nimempa Wekesa, alale mpaka achoke.

Wekesa kamaliza kwa kuuliza: "Na ile visheti, itaendelea?"

Nampenda mtu huyu.

Jumanne, 20 Januari

Ofu. Nimekwenda shuleni mwenyewe kujiandikisha. Mwalimu wa Zuhura, mama mmoja Mlebanoni mwenye miwani, alinitazama akauliza mimi ni nani. Nikasema, baba yake Zuhura. Akasema, aaah! Ile aaah yake ilikuwa ndefu.

Nikamngoja Zuhura getini. Alipotoka nikamwambia, nimejiandikisha, tunakwenda. Hakuruka. Akauliza kama nimemwambia meneja, na jana jioni nilimwambia. Nikasema ndiyo. Akauliza kama meneja amekubali kwa mdomo wake. Nikasema ndiyo. Akauliza kama hoteli ikijaa itakuwaje. Maskini mtoto, ameshajifunza kutoniamini. Nikamweleza yote, Wekesa, Kato, kwaya, mpaka dengu kwenye kiatu.

Ndipo akaruka. Akapiga kelele mlinzi wa geti akageuka. Safari hii mkono wangu hakuuachia, wenzake walitazama mpaka wakachoka.

Jumapili, 25 Januari

Nyumba imekuwa ghala la safari. Zuhura kapanga mfuko wangu, siruhusiwi kuugusa. Tochi, soksi za sufu, koti zito, dawa ya mbu ingawa nimemwambia jangwani hakuna mbu. Mwajuma yeye kajiandikisha kusoma hadithi maktabani mwezi ujao, anafanya mazoezi mbele ya kioo kwa sauti tatu. Sungura anaongea kama shangazi yangu wa Pangani. Nimemwambia. Kanirushia mto.

Nina furaha ya kijinga. Kazini napiga mluzi.

Jumatano, 28 Januari

Balaa. Kundi kubwa la wageni limeongezeka ghafla, harusi ya ukumbini. Meneja kaja dobi saa ya kufunga, mkononi ana ratiba. Kasema samahani Hamisi, kesho nakuhitaji.

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, ile tabia yangu ya zamani ikaja, sawa bosi, hamna shida, ilikuwa pale pale kwenye ulimi. Nikamwona Zuhura akiuliza maswali yake getini.

Nikasema, hapana, bosi. Kesho siji. Kazi yote ina watu.

Wekesa akasogea akasimama karibu yangu, akafungua mikono yake mikubwa kama mtu anayeonyesha mzigo anaoweza kubeba. Kato akaja upande wa pili na gari la taulo. Meneja akatutazama. Akauliza kama Wekesa anajua kuweka joto la pasi kubwa. Wekesa akamjibu yeye ndiye aliyenifundisha. Uongo mtupu! Meneja akasema basi, lakini lawama ni zenu. Akaondoka.

Wekesa kaniambia nimwonyeshe tena lile joto, haraka, amesahau. Nimemwonyesha mara tatu.

Ijumaa, 30 Januari

Naandika kwenye basi la shule, tunarudi Doha. Mkono unaruka na barabara.

Hema letu lilianguka mara mbili. Baba yake Mariam, ambaye kweli ana tumbo na ana sauti, alikuja kutusaidia, lake likaanguka nyuma yake. Baba mmoja Mpakistani akatufundisha sote. Watoto walikula mkate uliofukiwa kwenye majivu, wakakimbia kwenye mchanga mpaka wakalala walipoangukia. Mimi sikulala sana kwa baridi, nilimtazama Zuhura.

Alfajiri nilitoka kuswali. Mchanga baridi kama sakafu ya msikiti. Niliporudi alikuwa ameamka, kajifunga blanketi, nywele zimesimama. Tukakaa mlangoni pa hema kungoja jua. Tukawa tunamega mkate uliobaki.

Mwalimu akapita akitangaza kwamba baada ya Idi kutakuwa na siku ya kupanda miche bustanini, wazazi na watoto, tena Alhamisi.

Zuhura akaniuliza kama nitakuja.

Kawaida yangu ningesema tutaona, mama. Nimemwambia nitakuja. Akaitikia kwa kichwa, akanikatia kipande kikubwa cha mkate, kisha akaendelea kula chake.