Kisima Kinachonyweshwa Maji

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, na moyo umenichafuka kama barabara za hapa Makongeni.

Mfereji umekauka tena. Kwa hivyo jana, mtambo wa kuchimba ulipoletwa uwanjani nyuma ya nyumba zetu, nilimwendea injinia, kijana wa mabuti makubwa, nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, kama anayeongea na nyanya yake, "Shosho, tunachimba kisima cha uchunguzi."

Mimi nilisikia kisima. Neno la pili lilinipita.

Nikawatangazia wanawake wote. Jirani yangu Mama Auma akafunga kibanda chake cha mboga. Leo asubuhi mitungi ilipangwa mpaka kwenye mtambo, nami mbele kama bibi harusi.

Likaja lori la maji. Tukapiga vigelegele! Wakavuta mpira, wakaanza kuyamwaga shimoni.

Maji. Shimoni.

"We kijana, una akili kweli?"

Akanieleza kwamba maji hupoza chuma kinapokata mwamba. Kwamba wanatoa mawe tu, wajue ardhi ya chini ikoje, ndipo baadaye lichimbwe handaki la kupitishia maji ya mji. Mawe yenyewe wameyalaza masandukuni kama mihogo, wakayafunika turubai yasinyeshewe. Sisi je?

"Baadaye lini?"

"Hiyo si kazi yangu, shosho."

"Shosho yako yuko kwenu!"

Amesoma mpaka anaelewana na mawe, lakini kutuambia "hapa hakuna maji" kumemshinda.

Mama Auma akacheka. "Mama Kisima! Na mboga zangu nimeziachia nani?" Wengine wakanitazama bila kucheka. Hapo ndipo nilipoumia. Mtaani hapa sina mali, nina neno langu. Nikiita, watu hutoka.

Basi nikaukanyaga ule mpira kwa miguu miwili.

"Jaza mitungi ya watu kwanza. Mawe yako yatakunywa baadaye."

Alinibembeleza, akanipigia kelele, akaangalia simu yake. Mwisho akajaza. Wangu ulikuwa wa mwisho, maji yakaishia nusu. Sawa tu, mimi ndiye niliyewaita.

Mama Auma akajitwika mtungi wake. Asante hakusema. Alipofika mbali akageuka: "Mama Kisima! Ukituita tena, utuite mapema!"

Jumatatu mtambo unahamia mtaa mwingine, na mfereji wangu bado unakohoa hewa.

Nitawaita waje wapi?