Mashine ya Straton

Sylvain, maharagwe yapo motoni, ongeza maji kidogo. ~~Ukishakula, kachukue ile mashine ya kunyanyua magunia kwa Straton.~~ Usiende. Nimerudi kwake kumwambia hatuinunui.

Asubuhi nilipoigusa, injini ilikuwa tayari moto. Aliiwasha kabla sijafika, nisijue kama inasumbua ikiwa baridi. Nikaomba inyanyue magunia ya maharagwe, ikae hivyo. Straton akacheka: «Mama, unaipima ao unaiposa?» Nikangoja. Magunia yakashuka polepole, na hakuna aliyegusa kitu.

Papa yako alisimama chini ya mzigo kama ule siku tuliyompoteza. Sikulia wakati ule, na leo pia sikulia. Najua unataka kazi yake. Tutatafuta mashine nyingine.

Ukikasirika, kasirika ukiwa hapa nyumbani.

Mama yako