Asali ya Faini kwa Watani wa Kisarawe

Ipuli, Tabora

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na mihogo ya bondeni imepona nguruwe? Mimi mzima, ila vumbi la huku limenikausha midomo, na maji ya bomba huja yanapotaka yenyewe. Ningepiga simu, lakini haya yanataka nafasi, ndiyo maana nimempa shemeji barua pamoja na kidumu cha asali. Usikifungue kwanza. Soma.

Unakumbuka ile tovuti niliyokueleza, ambayo wanafunzi wangu wa historia na wale wa dada Asha hapo Kisarawe wanaandika pamoja ukurasa kuhusu njia ya misafara? Wangu wanaandika habari za Unyamwezi, wa dada za Pwani, na kila mmoja ana ruhusa ya kusahihisha kazi ya mwenzake. Mama, watoto waliokuwa wakinakili ubaoni huku wakisinzia, sasa wanabishana kuhusu wapagazi hata kengele hawaisikii. Nilifurahi kupita kiasi.

Basi Kabula, binti hodari kuliko wote darasani, alipojua wenzake ni Wazaramo kama sisi, akaandika katikati ya ukurasa: "Hawa walikaa kula nazi, mizigo tulibeba sisi. Ni watumwa wetu tangu zamani." Wewe ungecheka. Lakini mzazi mmoja wa huko aliyasoma kwenye simu, uso wa mwandishi haoni, akaenda shuleni amefura. Mkuu wetu akapigiwa. Naye ni mtu wa Bukoba, utani wetu na Wanyamwezi haumhusu. Akafunga chumba cha kompyuta.

"Mwalimu Tatu, rudi kwenye chaki," akaniambia.

Nilikataa, mama. Kwa adabu, lakini nilikataa. Mwishowe akasema atafungua iwapo walioudhika wenyewe watasema yamekwisha.

Nikamwita Kabula. Alinishangaa. "Mwalimu, si watani zetu hao? Mbona hata wewe tunakutania?"

"Mimi unaniona nikicheka. Wao unawaona wapi? Tena njia hiyo, Kabula, kuna watu walioipita wamefungwa minyororo kweli."

Kisha akaomba asiifute sentensi yake, bali aihamishie kwenye sehemu mpya ya kueleza utani, na pale ilipokuwa tuandike habari za hao waliofungwa. Tuliandika kwa simu yangu, darasa zima limenizunguka. Nilimwonea fahari.

Lakini unajua mambo ya utani: aliyevuka mpaka hutozwa faini, na anayeipokea ni mtani mwenyewe. Asali hiyo wanafunzi wameileta kidogo kidogo kutoka makwao. Nenda shuleni kwa dada, ukae mbele ya watoto, yule mzazi naye aitwe, muionje pamoja. Tena usitusamehe kwa upole. Watukane Wanyamwezi kama unavyomtukana mtani wako fundi Masanja akikuchelewesha na baiskeli yako. Dada ayaandike yote ukurasani, pamoja na jina lako, mkuu asome aone kwamba yamekwisha.

Nisalimie mjomba Shomari aliyenifundisha kusoma, na shangazi Mwanahawa anayenitunzia kuku, kama bado hajawala.

Kwenye chaki peke yake sirudi. Ufunguo wa chumba uko mfukoni mwa mkuu, na kila asubuhi ananiuliza kama Mzaramo amejibu.

Tukana vizuri, mama.

Mwanao,
Tatu