Sombe ya Mama Kavira

Dada Mariamu mpenzi,

Niko Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, mvua ya milimani inapiga bati, na mbele yangu kuna sombe, kisamvu cha Wakongo, na samaki wa ziwani Hamukungu. Mpishi ni Mama Kavira, aliyekimbia vita Beni, ng'ambo ya Kongo.

Unakumbuka nilivyotaka kuifunga blogu yangu kwa kukosa wasomaji? Ulinishauri niache kurukia kila jambo, niandike vyakula vya mpakani tu, nimtaje mpishi na mahali alipo, na nimjibu kila anayeuliza. Nilikusikia, na wasomaji wakaja. Mmoja, msichana aliye Kampala, aliuliza, “Huyo Kavira ni wa Beni?” Nilimwomba Mama ruhusa, nikawaunganisha kwa simu. Kumbe ni mdogo wake, aliyepotezana naye wakikimbia.

Leo nimewakuta wakimenya ndizi pamoja. Nikamwambia Mama kwamba ushauri ule ulikuwa wako. Akaweka kisu chini, akasema, “Umuambie aksanti. Sasa asubui naamuka, nasikia sauti ya mudogo yangu mu nyumba.”

Nami nasema asante, dada. Mungu akuweke, na wanao walale salama.

Wako,
Zaina