Mto Alioushona Mama

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na mpwa wangu mchanga. Natumaini homa yake imeshuka na sasa mnapata usingizi. Sisi huku tunapumua, tunashukuru.

Kidonda kimefunga. Siku hizi najifunga bandeji mwenyewe, nabana chini na kulegeza kuelekea gotini, ili kigutu kipate umbo la kuingia kwenye mguu wa bandia. Vidole ambavyo havipo bado vinaniwasha. Jana niliinama kuvikuna nikakuta shuka tupu; nikacheka, kisha nikalia kidogo. Wateja wanapita kuniulizia. Nimewaambia kinyozi hanyoi ameketi, labda wakubali kunizunguka wao.

Mtaalamu wa mazoezi alituonya mapema, mimi na mama, kwamba tusiweke mto chini ya goti hata likiuma vipi. Goti likizoea kukunjwa hukakamaa, na mguu wa bandia haukai kwenye goti lisilonyooka. Mama aliitikia kwa kichwa. Lakini unamjua mama. Kila nikisinzia mchana anauingiza ule mto alioushona kwa gauni lake kuukuu, huku akinong'ona kwamba hawezi kukaa akitazama mwanawe anaumia. Nikimwambia anautoa, anaomba radhi, na kesho yake upo palepale.

Wiki hii mtaalamu alilipima goti mama akiwa nje. Alisema lisiponyooka karibuni, mguu sitapata, nitabaki na magongo. Magongo yanataka mikono yote miwili, dada. Nitanyoa kwa mkono upi?

Sasa nikuambie nisichoweza kumwambia mtu hapa. Kosa si la mama peke yake. Mara nyingi huwa sijalala. Nausikia mto ukiingia na nanyamaza, maana hapo ndipo mama huketi na kuegemea ukuta. Tangu nikatwe mguu, sijamwona akitulia wakati mwingine wowote. Naona uchungu kumnyang'anya hata hicho.

Kwa hiyo nakuomba uje umchukue. Mwambie mtoto amekushinda, unamhitaji. Goti usilitaje kabisa; akijua limekakamaa kwa ule mto, hatajisamehe.

Msalimie shemeji, umbusu mtoto. Mama akiondoka ataniachia ule mto, namjua. Nitaulalia kwa kichwa.

Ni mimi mdogo wako,
Kinyozi